Usijibu Ujumbe Huu

Nianze na aibu yenyewe ili nisiwe na la kuficha. Mie Kombo, mtu mzima mwenye ndevu zangu na kibanda changu cha kutengenezea simu na kompyuta hapa Wete, siku hizi nikipita mtaani kwetu Jadida nikatoa salamu kwenye baraza yoyote haiitikiwi mara moja, watu wananitazama tu, mmoja anajikuna goti, mwengine anaangalia mawingu, halafu wote wanaangua kicheko na kuniambia, "Si weye uliyetwambia tusijibu?" Ndipo wanaitikia (na wanaitikia kwa sababu kuiacha salamu bila ya jibu ni dhambi, vyenginevyo ningekuwa napita mtaani kwetu kimya kimya mpaka leo). Jina langu la mtaa ni Usijibu, na hata watoto wa madrasa wanalijua, ingawa wengi wao hawajui limetoka wapi.

Basi nitawaeleza limetoka wapi, cheka anayetaka kucheka, ila mkifika kwa mama yangu mnipunguzie kidogo, maana pale mie mwenyewe huwa sicheki.

Mama yangu, Bi Asha, hana watu. Ninavyosema hana watu sina maana kwamba hajulikani, kila mtu anamjua, lakini babu yetu alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, akabaki, akaoa, akazikwa hapa hapa, na baba naye akazaliwa peke yake na akafa mapema, na Mama mwenyewe kwao alizaliwa peke yake vile vile, kwa hiyo ukitafuta mashangazi na mabinamu wa kutujazia nyumba siku ya shughuli huwapati. Wenzetu wana koo ambazo zikikutana uwanja umejaa kabla jirani hajavaa viatu. Mama aliamua tangu ujana wake kwamba watu atawatafuta kwa miguu yake mwenyewe, na aliwatafuta kweli: hakuna harusi wala msiba wala arubaini ya mtoto Jadida ambayo hakwenda, na haendi kukaa, anakwenda na kisu chake ndani ya mkoba, kisu kidogo chenye mpini uliofungwa kitambaa, anakaa chini kwenye gunia la vitunguu na hanyanyuki mpaka vimekwisha. Macho yake yamelia kwa vitunguu vya watu kuliko kwa misiba yake. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini hachoki, akanijibu, "Siku Raya atapoolewa nitajua kama nina watu au sina." Raya ni dada yangu, tuko wawili tu.

Na sasa Raya akaposwa, na kijana wa Kengeja, huko kusini ya kisiwa, anayeitwa Faki, mtu wa ofisini, mpole, ana dosari moja tu ambayo nitaisema mbele.

Ili muelewe ukubwa wa nilichokifanya lazima muelewe mwaliko wa kwetu. Mwanamke wa heshima hendi kwenye shughuli kwa kusikia. Anaweza kuwa mnagusana ukuta, ananusa pilau lako, anasikia vigelegele vyako, na ikiwa hakuja mtu mlangoni kwake akapiga hodi na kumwambia umealikwa na bibi fulani siku fulani, hatii mguu, na akikutana nawe kesho yake atakusalimu vizuri sana, vizuri mno, na hapo ndipo ujue umekosana naye. Kazi hiyo ya kupita nyumba kwa nyumba Jadida aliifanya Bi Mize, jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na tangu mwaka juzi magoti yalikuwa yanamsumbua, akipita nyumba tatu anaomba kiti.

Sasa mie nilikuwa na programu. Niliiandika mwenyewe, kwa ile lugha ya kompyuta yenye jina la chatu niliyosomea Unguja, na kazi yake ni nyepesi: ina majina na namba za simu za mtaa mzima, unaiambia unawataka kina nani, wanaume au wanawake, inawachuja, inakuonyesha majina yao, kisha inawapelekea wote ujumbe mmoja kwa kupitia simu niliyoichomeka kwenye kompyuta. Ilishatumika kwenye maulidi ya madrasa na watu walifika mpaka wakakaa nje. Mwalimu wa madrasa alinisifu mbele ya kadamnasi, na sifa zile, naona haya kusema, nilizichukua nikalala nazo.

Nikamwambia Mama, Bi Mize apumzike, mwaliko niachie mie. Mama hakupenda. Alisema ujumbe si hodi. Nikamwambia siku hizi hata Eid watu wanapeana mikono kwenye simu, na nikamtaja Bi Mize na magoti yake, na hapo alilegea, kwa sababu Mama ana huruma kuliko msimamo. Akaenda mwenyewe kumwambia Bi Mize kwamba safari hii asijisumbue. Bi Mize alijibu "Haya" tu.

Hapo bado hakujaharibika kitu. Programu ilikuwa nzima, na ningeiendesha jioni ile ile leo hii ningekuwa naitwa Kombo.

Dosari ya Faki ni kwamba anapenda mambo mapya. Alinipitia kibandani wiki ya harusi, akaiona kompyuta yangu, akacheka kidogo, akasema, "Shemegi, hino nayo bado unaitumia? Mfumo huu si ulishazikwa?" Alisema kwa utani, akanywa soda yake akaondoka, lakini mie maneno yale yalinikaa kooni. Mtu anakuja kuoa dada yangu, na mie, fundi wa kompyuta wa mji mzima, ananikuta na kompyuta ya kizamani. Nikaamua usiku usiingie kabla sijaweka toleo jipya la mfumo.

Ngoja niwaeleze jambo hili kwa wepesi. Kompyuta ina mfumo unaoiendesha tangu unapoiwasha, na walioutengeneza kila baada ya muda wanatoa toleo jipya. Lugha ya kuandikia programu nayo ina matoleo, la zamani na jipya, na hayaelewani sawasawa. Mifumo ya kwanza niliyoitumia ilikuja na lugha ya zamani ndani yake, unawasha unaikuta. Baadaye ikaja na zote mbili, bega kwa bega. Toleo lililofuata ya zamani ikawa haipo mpaka uitafute uiweke mwenyewe, na kila ukiiita inakupa onyo kwamba muda wake umekwisha na haihudumiwi tena. Na hili jipya nililoliweka mie kwa hasira ya soda ya Faki, ya zamani ilikuwa imeondolewa moja kwa moja. Hakuna aliyenificha. Walitangaza miaka, na mie lile onyo nilikuwa nikiliona kila siku nalipita kama tunavyoipita nyumba ya mtu tunayekwepa kumsalimu.

Basi nikaweka toleo jipya, kompyuta ikang'aa, nikaita programu yangu ya mwaliko, ikakataa. Sikushtuka sana. Nilijua lugha mpya inataka kila unachotaka kiandikwe kwenye skrini ukitie ndani ya mabano, na ya zamani ilikuwa haijali, kwa hiyo nikapita mstari kwa mstari natia mabano (mnaona nilivyozoea, hata kusimulia siwezi bila ya mabano), na nilipomaliza ikakubali. Haikulalamika tena. Na mie ni mtu ambaye kitu kisipolalamika naona kimeridhika.

Nikamwita Mama aje ashuhudie. Akaja na miwani yake, akakaa kwenye kiti cha wateja, nikabonyeza, majina yakaanza kushuka kwenye skrini moja moja, na Mama anayasoma kwa sauti, "Bi Khole yumo. Bi Salma yumo. Wa nyumba ya mkunazi yumo. Huyu tuliwahi kugombana lakini mwache, aje," mpaka la mwisho, na chini yake yakatokea maneno niliyoyaandika mwenyewe zamani: Kazi imekamilika. Mama akasema alhamdulillahi, akanishika bega. Mkono ule mpaka leo nausikia.

Ujumbe wenyewe ulisema hivi: "Assalaam alaykum. Unaalikwa na Bi Asha wa Jadida kwenye harusi ya binti yake Raya, Jumapili hii, saa nane mchana, nyumbani kwake. Usijibu ujumbe huu." Maneno ya mwisho niliyaongeza kwa sababu siku ya maulidi watu walijibu, wakaitikia salamu, wakauliza habari za nyumbani, mmoja akataka nimtumie vocha, na simu ikajaa ikakwama. Mama aliyasoma mara mbili.

"Ntu unamwalika kisha unamwambia asijibu?"

"Inayopeleka ni mashine, Mama. Haisomi."

"Haya," akasema, haya ile ile ya Bi Mize.

Dalili zilikuwapo, nisiseme uongo. Siku ya kuchambua mchele, ambayo kwa kawaida wanawake wa mtaa wanakuja bila kuitwa wakishaalikwa harusi, walikuja watatu, na wote watatu ni wale waliokuwa wakiingia jikoni kwetu kila siku ya Mungu. Mama akakaa mbele ya magunia akatazama mlangoni. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia watu siku hizi wana shughuli zao, wanakuja kula tu. Bi Mize hakuja kabisa, na mie nikasema moyoni huyo kanuna kwa kunyang'anywa kazi (kumbe hata jina lake halikuwamo kwenye programu, maana miaka yote yeye ndiye mwalikaji, nani angemwalika?). Na kwa upande wa wanaume mambo yalikuwa mazuri, imamu alitangaza nikah baada ya sala ya Ijumaa, na Jumapili asubuhi msikiti ulijaa, Faki akaozeshwa, halua ikaliwa, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Nyumbani majamvi yalikuwa yametandikwa uwanja mzima, mpaka chini ya dirisha la jirani. Pilau lilikuwa kwenye masufuria ya kukodi, yale ambayo ukikorogea unasimama. Raya yuko ndani kashapambwa, hina mpaka viwikoni. Mama kavaa kanga mpya juu ya gauni jipya, amesimama mlangoni na chetezo cha udi mkononi tayari kuwafukiza wageni. Saa nane ikafika. Walikuwapo wale watatu wa mchele, na mpambaji.

Mwanzo tulisema watu wa Jadida wanachelewa. Mama alienda kutia mkaa kwenye chetezo akarudi. Akaenda tena akarudi. Kisha tukasikia honi na vigelegele, na moyo wangu ukatulia, lakini hawakuwa watu wetu, yalikuwa magari mawili ya wanawake wa Kengeja, upande wa bwana harusi, wamejazana, wamependeza, wanashuka na matunda na masanduku vichwani wanaimba, na wakaingia uwanjani wakiimba, na wimbo ukawafia mdomoni mmoja mmoja kadiri walivyoingia na kuyaona majamvi.

Mama mkwe wa Raya, Bi Fatma, ni mwanamke mstaarabu. Alitazama huku na huku, akamshika Mama mkono, akasema taratibu, "Watu wako wako njiani, Bi Asha?"

"Wako njiani, inshallah," Mama akasema.

"Basi tuwangojee."

Wakakaa wakangojea. Nawaambia ukweli, ningependa zaidi wangetutukana. Wanawake wa Kengeja wamekaa upande mmoja wa uwanja kwa adabu, miguu wameikunja, na upande wa pili majamvi matupu na kuku anapita. Msichana mmoja wa kwao akamnong'oneza mwenzake, na mie nilikuwa karibu na sufuria nikasikia, "Hawa hawana watu." Nilimtazama Mama nijue kama amesikia. Alikuwa amesikia.

Nikatoka mbio. Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Khole, mwanamke mkali ambaye akienda yeye mtaa mzima unafuata, nikamkuta barazani kwake anasuka ukili wa mkeka, hana habari.

"Shikamoo Bi Khole. Mama anakungojeeni."

"Marahaba. Anatungojea kwa lipi?"

"Harusi, Bi Khole. Si mmealikwa?"

Akaweka ukili chini. "Sie tunasikia vigelegele toka asubuhi, mwanangu. Mlango huu haukupigwa hodi wala simu hino haikulia. Tukasema labda Bi Asha kapata watu wengine bora."

Nilitoa simu ya mwaliko mfukoni, ile iliyokuwa imechomekwa kwenye kompyuta, nikafungua ujumbe uliotumwa. Hapakuwa na kitu. Wa mwisho ulikuwa wa maulidi. Nikamwomba Bi Khole kwa Mungu aje sasa hivi, akanitazama kwa huruma, na huruma ya Bi Khole inatisha kuliko ukali wake, akasema, "Sasa hivi nije kama nani? Kama niliyeitwa kuja kumalizia masufuria?" Na alikuwa na haki, hakuna mwanamke Jadida ambaye angekuja.

Nikarudi nikamwambia Mama kwenye mlango wa nyuma, kwa maneno machache. Hakunigombeza. Aliweka chetezo chini, akajifunga kanga vizuri, akatoka uwanjani akasema kwa wageni, "Karibuni chakula, nyinyi ndio watu wetu." Wakala. Bi Fatma alikula vizuri na akasifu pilau. Raya akatolewa, akakalishwa, wakampigia vigelegele upande mmoja wa uwanja, na kwenye video ya harusi yule mpiga picha masikini alijitahidi sana, lakini kila akigeuza kamera inaangukia kwenye majamvi. Dada yangu alilia walipokuwa wanaondoka naye, na kila mtu alisema bibi harusi lazima alie. Pilau lililobaki tulilipeleka madrasa, na watoto wakala siku mbili.

Siku iliyofuata Mama alivaa buibui na kuanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nikamfuata. Alikuwa anaingia ndani na mie nasimama nje ya mlango, na kila nyumba namsikia anasema maneno yale yale, "Nisameheni, mie nilighafilika." Hakunitaja, wala hakuitaja mashine. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumsahau mtu, alipita Jadida nzima akijisingizia kwamba amesahau watu wote, siku ya harusi ya binti yake wa pekee. Nilitaka kuingia niseme ni mie. Sikuingia hata nyumba moja. Nilijiambia ni mambo ya wanawake.

Sasa mtu mwenye akili angeishia hapo. Mie nikarudi kibandani, nikaichomeka tena simu ya mwaliko, nikaanza kutafuta kwa nini, kwa sababu niliona nikijua kwa nini nitapata nafuu.

Na nikajua. Lugha ya zamani ukiichujisha majina ilikuwa inakupa ndoo, majina yote yamo ndani, unayatazama, unayatazama tena, unachota unavyotaka, ndoo iko pale. Lugha mpya inakupa bomba. Ukishayaona maji yamepita, yamepita. Programu yangu iliyapitisha majina yote mbele ya macho ya Mama, Bi Khole yumo, Bi Salma yumo, na ilipofika zamu ya kuyapelekea ujumbe haikuwa na jina hata moja la kupelekea, basi ikawapelekea hao sifuri kwa uaminifu, ikaandika Kazi imekamilika. Dawa yake ilikuwa neno moja tu, kuiambia ikinge ndoo kabla ya kuyaonyesha. Nikaliandika. Na bila kufikiri, kama fundi anavyowasha feni aliyoitengeneza aone inazunguka, nikabonyeza.

Mezani kwangu palikuwa na simu ya Bi Salma, aliyoileta kabla ya harusi nimbadilishie kioo. Ikawaka. Ikalia. Nikainama nikasoma: "Unaalikwa na Bi Asha wa Jadida kwenye harusi ya binti yake Raya, Jumapili hii."

Nikachomoa waya, nikazima kompyuta, nikatoa hata betri, lakini ilikuwa imekwisha kazi yake. Ilikuwa haijawahi kufanya kazi vizuri namna ile.

Mpaka alasiri Jadida nzima ilikuwa inajua kwamba Raya kaachwa. Kwani wao wangeelewa vipi? Wameona harusi bila watu, wamemwona Bi Asha anapita akiomba radhi, uso umemshuka, na sasa wanaalikwa harusi ya Raya kwa mara nyengine na wanaambiwa wasijibu, maana yake wasiulize. Wengine walikuwa wameshamtaja mpaka mume mpya. Magharibi Faki alinipigia simu kutoka Kengeja, na sauti yake haikuwa na utani ndani yake.

"Kombo, mke wangu anaolewa na nani?"

Hapo ndipo nikamweleza Mama kila kitu, ndoo na bomba na kubonyeza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anamenya muhogo kwa kile kisu chake. Nilidhani sasa atanifukuza. Alimenya muhogo wa mwisho, akauweka majini, akasema, "Wamealikwa kwa jina langu. Basi waje."

Jumapili ile tukapika muhogo wa nazi na samaki, kwa sababu mchele ulikuwa umekwisha. Raya akaja kutoka Kengeja na mumewe, akavaa tena gauni la harusi, hina imeanza kufifia, akakaa pale pale alipokaa wiki iliyopita. Na saa nane wakaja. Wote. Bi Khole mbele, Bi Salma, wa nyumba ya mkunazi, mpaka yule aliyewahi kugombana na Mama, na Bi Mize, ambaye Mama alimwendea mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, akapewa kiti kwa ajili ya magoti. Majamvi hayakutosha. Bi Khole hakukaa kabla hajamwendea Faki pale barazani na kumkagua kuanzia kofia mpaka makubadhi. "Weye ndo yule yule?" akamuuliza. Faki akasema ndiye. "Haya," akasema Bi Khole, akaingia kula.

Usiku nilimsaidia Mama kukunja majamvi. Nikamwambia, umeona, Mama, watu unao. Alikung'uta jamvi, akalikunja, akasema, "Walikuja kutazama kama mwanangu kaachwa. Siku yake hawakuwapo." Kisha akaniambia nikazime taa ya nje.

Na wa Kengeja waliouona uwanja mtupu hawakuwapo siku uwanja ulipojaa, hilo ndilo siwezi kulitengeneza kwa neno moja. Bi Fatma hajawahi kusema kitu, ila Raya aliniambia wanawake wa kule wakimtaja wanasema yule wa watu wachache. Video ya harusi Mama ameifungia kabatini na hajaiangalia. Kompyuta nimeiacha na toleo jipya, na kila onyo linalotokea sasa nalisoma mpaka nukta ya mwisho, na nimeapa kwamba mwaliko wa mtu sitaugusa tena, si kwa lugha ya zamani wala mpya.

Mwezi uliopita Raya alijifungua mtoto wa kiume, salama. Nilifurahi mpaka nikafunga kibanda mchana. Siku chache baadaye akanipigia simu kuniambia akika ya mtoto iko Kengeja, na Mama na Bi Mize wameshapita Jadida kupiga hodi, watu watakuja gari mbili zimejaa.

"Kaka," akasema, "njoo. Lakini usialike mtu."

Nikamwambia sawa.